Gurudumu la Bwana Marete

Katika kiwanda kimoja cha majani chai juu ya kijiji cha Kibugu, Ruguru alikuwa fundi wa vyombo vyote vyenye waya, na Bwana Marete, msimamizi wa zamu, alikuwa akiviharibu kwa nia njema.

Kisa kilikuwa mashine ya kukausha chai. Kuni zikiwa mbichi, mvuke wa boila ulipungua nguvu, lakini kipimajoto kilichelewa kupata habari. Kikishaipata, Marete alikuja mbio, akafungua vali ya mvuke kwa gurudumu lake la chuma. Kumbe boila imeshaamka. Chai ikaungua. Akafunga, ikatoka mbichi. Alishinda akizungusha, jasho likimtoka. "Bila mkono huu mngeuza ugoro!"

Ruguru akaagiza vidhibiti viwili vya kujiendesha.

"Kikubwa kinatazama joto la hewa ya kukaushia na kutoa amri," alimweleza Ednah wa boila. "Kidogo kinakaa kwenye bomba la mvuke, kinatii ile amri. Mvuke ukiyumba, kinaurekebisha papo hapo, kabla joto halijashtuka."

"Na Marete?"

"Tumwachie gurudumu."

Jumapili moja Marete akiwa kanisani kwa ubatizo wa mjukuu wake, walihamishia mvuke kwenye bomba jipya. Ruguru alikirekebisha kile kidogo kwanza mpaka kikatulia, ndipo akakiweka chini ya amri ya kile kikubwa. Bomba la zamani wakaliziba pande zote, na gurudumu lililobaki juu yake wakalipaka rangi nyekundu ya kupendeza.

Wiki tatu joto halikuyumba. Marete alizungusha, akachungulia kipimajoto, akajipongeza. Ednah alitoka nje kila mara kwenda kucheka.

Kisha wakaja wakaguzi. Mama mmoja mwenye miwani akaligusa bomba la gurudumu. "Mbona hili ni baridi?"

Marete naye akaligusa. Akageuka polepole kumtazama Ruguru, ambaye alikuwa anakaza skrubu iliyokazwa tangu mwaka jana.

"Ruguru, tangu lini?"

"Tangu siku mjukuu wako alipobatizwa, Bwana Marete."

Marete akakohoa. "Hilo ni la mazoezi, mama," akamwambia mgeni bila kupepesa jicho. "Wafanyakazi wapya hujifunzia hapo wasituunguzie chai."

Mama akaandika, akasifu.

Wageni walipoondoka, Ruguru alingoja kufokewa. Marete alivuta kiti. "Haya, nionyeshe hivyo viwili vyako."

Ruguru alimfundisha mchana kutwa, akamruhusu awe anaweka nambari ya joto linalotakiwa kwenye kile kikubwa. Marete akafurahi kama mtoto. Ruguru hakumwambia kwamba alikuwa amekifunga kisipokee nambari yoyote inayopita nyuzi mbili juu au chini ya joto linalofaa.