Rivasi Iliyochelewa

Kabla hajawa mtu wa magongo, Aristide alikuwa mrina asali. Nyumbani kwake ni Kasokola, na shambani alilima mahindi na karanga kama majirani zake, lakini mvua zikikatika alikwenda msitu wa Ugalla akakaa huko na mizinga yake. Alipanda miti ambayo vijana waliiangalia wakaondoka. Asali aliyorudi nayo, mkewe Joséline aliiuza mjini Mpanda, mtaa wa Majengo. Wazazi wa Aristide walitoka Burundi wangali vijana. Yeye na mdogo wake Claude walizaliwa hukuhuku Katavi. Baba yao alifariki mapema, hivyo Aristide ndiye aliyemlea Claude, akamsomesha, akamwoza. Na Claude alipotaka gari la biashara, asali ya misimu miwili iliingia humo.

Lilikuwa gari dogo la otomatiki, lililokwisha kutumiwa na watu wengi kabla ya kufika Mpanda. Claude alilitumia kubeba abiria na mizigo kati ya Kasokola na mjini, na kwa muda mambo yalimwendea vizuri.

Msimu ule wa karanga, jioni moja mvua ilimkuta Claude kwa kaka yake, akaliacha gari pale uani akarudi kwake kwa miguu. Asubuhi alikuja kuchukua magunia ya karanga, wakayapakia. Mbele ya gari kulikuwa na msingi wa nyumba mpya ya Aristide, kwa hiyo njia ya kutoka ilikuwa moja tu, kwa nyuma, kando ya rundo la matofali ya kuchoma. Aristide akasimama nyuma ili amwelekeze asigonge matofali.

Claude akaweka rivasi. Injini ilikuwa inanguruma lakini gari halikusogea. Aristide alidhani mdogo wake anasubiri ishara, akasogea karibu kidogo, akampungia mkono kwamba aje. Claude akakanyaga mafuta. Hapo ndipo gia ilipoingia, kwa kishindo, na gari likaruka nyuma kwa nguvu yote iliyokuwa imekusanyika. Mguu wa kulia wa Aristide ulibanwa kati ya bampa na matofali.

Hakukuwa na gari lingine karibu. Lile lililomvunja ndilo lililompeleka hospitali. Waliyashusha magunia, wakamlaza kiti cha nyuma, Joséline akaufunga mguu kwa kanga mbili na kuupakata. Claude akaendesha huku analia.

Watu wengi walimwuliza Aristide baadaye juu ya siku ile, wakitaka kusikia habari ya kubanwa. Yeye alisema kubanwa kulipita upesi. Kilichomkaa ni safari. Gari lile lilikuwa linapiga teke kila gia ilipobadilika, teke lililotoka chini ya sakafu na kuingia moja kwa moja kwenye mfupa. Claude akipunguza mwendo kwa ajili ya shimo, gia ilirudi ya kwanza. Akiongeza, ilipanda ya pili, na teke likaja tena. Barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua, mashimo yalifuatana.

“Usipunguze mwendo,” Aristide alimwambia. “Claude, nakuomba, pita tu kwenye mashimo.”

Claude akapita kwenye mashimo. Maumivu ya mashimo yalikuwa afadhali.

Hospitalini walijaribu kuuokoa mguu. Ukaanza kuoza, wakaukata juu ya goti.

Aliporudi nyumbani, ndugu walikuja kumpa pole, na kila aliyeuliza ilikuwaje, Claude alimjibu kwa maneno yaleyale: gari lilichomoka lenyewe. Wapo waliosema basi limetupiwa kitu na mtu mwenye wivu, wakaanza kutaja majina ya majirani. Joséline aliwaambia kwamba maneno hayo wasiyaseme tena kwake. Claude alikuwa akija karibu kila siku, mara na unga, mara na kuni, anakaa barazani akitazama chini, kisha anaondoka. Gari aliliegesha kwake na hakuligusa.

Siku moja alikuja na habari kwamba dalali amepata mteja. Alisema hataki kuliona tena lile gari.

“Kwanza ipimwe,” Aristide akamwambia.

“Ya nini, kaka? Tunaiuza.”

“Huyo anayenunua naye ana watu wa kusimama nyuma yake.”

Claude alisema mafundi watawapotezea muda tu. Aristide hakubishana naye. Alimwambia kwamba asali yake iko ndani ya gari lile na mguu wake pia, kwa hiyo litapimwa.

Fundi waliyemwendea ni Kasimu, mwenye gereji Majengo, nyuma ya wauza mbao. Kasimu alitaka gari liletwe jioni lilale pale, kwa sababu alitaka kuliwasha likiwa limepoa. Asubuhi Aristide alifika kwa bodaboda, magongo yake yamefungwa kwa mpira kando ya siti. Claude alikuwa ameshafika.

Kasimu hakufungua kitu kwanza. Aliwasha injini, akakanyaga breki, akaweka rivasi, akasubiri. Gari lilitulia kama halijasikia. Halafu likatingishika lote, boneti ikainuka na kushuka. Akarudisha gia, akaweka tena, ikawa vilevile. Akaliacha lingurume hadi lipate moto, akarudia. Safari hii gia ilichelewa kidogo tu. Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, akakifuta kwenye kitambaa cheupe, akamwonyesha Aristide. Oili hiyo, alieleza, huwa nyekundu. Ile ilikuwa nyeusi na inanuka kuungua.

Kisha akauliza likitembea linafanyaje. Aliyejibu ni Aristide. Alisema linapiga likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Kutoka ya pili kwenda ya tatu linapita kimya. Na likirudi chini kwa ghafla linapiga tena, lakini si sana.

“Kumbe na wewe unaendesha?” Kasimu akauliza.

“Hapana. Nililazwa humo siku ile.”

Kasimu akautazama ule mguu wa suruali uliokunjwa na kubanwa kwa pini, akarudi kwenye kazi yake. Alipoendelea kuuliza, alimgeukia Claude.

“Hii rivasi ilianza kuchelewa lini?”

Claude alisema hakumbuki vizuri.

“Gari haifiki hapa kwa siku moja. Lini?”

“Mvua zilipoanza.”

“Asubuhi, au hata ikipata moto?”

“Asubuhi.”

“Na ikichelewa ulikuwa unafanyaje?”

Mbao zilikuwa zinapasuliwa nyuma ya ukuta, na kelele ile ilipokatika Claude akasema, “Nilikuwa nakanyaga mafuta kidogo. Ukikanyaga inaingia.”

Aristide alikuwa amekalia siti iliyong'olewa kwenye gari bovu. Alimgeukia mdogo wake.

“Ulijua itaruka,” alisema, “ukaniacha nisimame nyuma.”

“Nilikuwa nimeshaizoea, kaka.”

Kasimu alilala chini ya gari akafungua sufuria ya gia boksi, lile bakuli la chini linalokusanya oili. Ndani yake kulikuwa na tope jeusi lenye chenga za chuma. Alieleza kwamba sahani za ndani zimelika na raba zake zimekauka, ndiyo maana gia haikamati mpaka ilazimishwe. Tena raba za kushikilia injini zimekatika, na ndizo zinazofanya liruke zaidi. Gia boksi ile haikuwa ya kutengenezwa, ilikuwa ya kutupwa. Claude aliuliza kama wakiweka oili mpya itakuwaje. Kasimu akasema inaweza kutulia wiki chache, halafu itarudi palepale, pengine vibaya zaidi.

Aristide aliyasikia maneno yale, wiki chache, na aliona kwamba Claude naye ameyasikia.

Akasema gari livunjwe, liuzwe kama spea. Claude akaitikia kwa kichwa. Lakini hakuja kwa kaka yake siku zilizofuata, na unga na kuni vikakoma. Joséline ndiye aliyesikia sokoni kwamba gari limewekwa oili mpya kwa fundi mwingine, limeoshwa, na limenunuliwa na mtu wa Inyonga.

“Baba Annonciata, achana nayo,” alimwambia mumewe. “Huyo ni ndugu yako.”

Hakuachana nayo. Alimtafuta dalali mpaka akapata namba ya simu ya mnunuzi, mwalimu aitwaye Fredrick. Alipompigia alimweleza yote, tangu mvua zilipoanza hadi tope la kwenye sufuria. Mwalimu alimsikiliza kwa adabu. Halafu akasema gari liko sawa kabisa, rivasi inaingia vizuri, na kwamba alishaambiwa kuna kaka mtu ambaye hakuridhika na mauzo.

“Sitaki gari, mwalimu. Sitaki na hela,” Aristide akasema. “Nakuomba kitu kimoja. Usimsimamishe mtu nyuma.”

“Nimekusikia, mzee. Pole kwa matatizo,” alijibu mwalimu, akakata simu.

Alipopiga tena baada ya wiki mbili, simu haikupokelewa. Alipopiga mwezi uliofuata, namba haikupatikana.

Siku hizi Aristide anatengeneza mizinga ya mbao kwa ajili ya watu wanaokwenda Ugalla. Claude humsalimu kanisani naye huitikia, basi. Akipita mtu wa bodaboda au wa lori aliyetoka Inyonga, Aristide huweka nyundo chini na kumwuliza kama ameliona kule gari dogo jeupe, bampa la nyuma limebonyea upande wa kulia, na kama wenyewe ni wazima. Wanamwambia magari madogo meupe ni mengi.