Matokeo Aliyoletewa Nyanchera

Jumamosi ya mwisho ya makambi ya kanisa, Nyanchera alikuwa ameketi kwenye nyasi, sahani ya ugali na mboga za chinsaga magotini, mgeni mmoja kutoka Birongo alipomwinamia na kumpa pole kwa timu yao kushuka daraja.

Mgeni huyo aliitwa Celestine. Alikuwa amekuja Ekerenyo kumtembelea binti yake aliyeolewa huku, na mwanawe wa kiume ndiye golikipa wa timu ya Birongo. Aliambiwa kwamba mama huyu mwenye kitambaa cha kijani kichwani ndiye shabiki mkubwa wa Majani FC, akaona haya kula karibu naye bila kumpa pole. Alinong'ona, kwa maana ilikuwa Sabato na mambo ya mpira si ya siku hiyo.

Nyanchera alicheka. Alimwambia amechanganya timu. Majani walimaliza ligi nambari tatu, na katika mechi yao ya mwisho waliwafunga hao hao Birongo mbili kwa moja. Celestine akarudisha tonge kwenye sahani. Akasema mechi hiyo aliitazama kwa macho yake mawili, amesimama nyuma ya goli la mwanawe, na kipindi cha pili mwanawe alikaa chini kwa kukosa kazi.

"Sita bila, dada yangu," alisema. "Kwani nyumbani hukuambiwa?"

Nyanchera alihisi masikio yanavuma. Alitazama upande wa sufuria kubwa, ambako Beverlyne, mke wa mwanawe Mogire, alikuwa akiwapakulia wageni huku akitabasamu. Beverlyne huyo huyo ndiye aliyemletea zile mbili kwa moja, na akamtajia hata dakika za magoli.

Anayetaka kujua kwa nini habari ya mpira wa kijijini ilimpiga mama mzima namna hiyo, lazima kwanza ajue Nyanchera alikuwa mtu gani. Alikuwa na miaka sitini na minne, mjane, mwenye shamba la chai la nusu ekari na migomba mpaka mtoni. Asubuhi alichuma chai, adhuhuri akapeleka majani kituoni, na Jumapili alasiri alikuwa uwanjani. Alianza kwenda huko zamani, marehemu mumewe alipokuwa beki wa kushoto, na mumewe alipofariki hakuona sababu ya kuacha. Alisimama mahali pamoja miaka yote, karibu na kibendera cha kona, na mwamuzi aliyekataa goli halali la Majani aliondoka akijua sifa zake zote na za ukoo wake. Kwa mambo mengine alikuwa mpole sana. Kanisani hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

Kisha ikaja ile fainali ya Agosti, mwaka juzi. Majani walikosa penalti ya mwisho, na Nyanchera akaanguka pale pale kwenye kona kama mzigo wa ndizi ulioponyoka begani. Hospitalini wakasema ni presha. Daktari akaagiza apunguziwe chumvi, ameze dawa kila siku, asisafiri mbali, na juu ya yote asishtuliwe.

Hilo la mwisho ndilo Mogire alilolishika kwa mikono miwili. Aliita watu nyumbani, mama yake akiwa bado amelazwa, na wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo habari zote zitapitia kwa Beverlyne. Zilizo nzuri zifike. Zilizo mbaya zipunguzwe makali, na zisizopunguzika zikae nje. Angwenyi, kocha wa Majani, alikuwepo na akaunga mkono. Karani wa kituo cha majani naye aliambiwa, na wachumaji wenzake, na vijana wa timu. Kijiji kizima kiliapa, na tuseme kweli, kilifanya hivyo kwa kumpenda. Lakini ni upendo wa kijinga kiasi gani huo, watu mia mbili kumdanganya mama mmoja misimu miwili.

Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe, isiyoweza kuonyesha chochote zaidi ya namba. Uwanjani alikatazwa. Kwa hiyo Jumapili aliketi mlangoni akifuma, akisikiliza kelele zinazopanda kutoka bondeni, akizihesabu. Beverlyne alirudi na matokeo. Kelele zikiwa nyingi kuliko magoli, Nyanchera aliuliza, naye Beverlyne alijibu kwamba yale mengine yalikataliwa, waliotea. Msimu uliopita peke yake magoli kumi na manne yalikuwa ya kuotea. Nyanchera alisikitikia waamuzi wa siku hizi.

Sasa aliyakumbuka yote yale, moja baada ya jingine, ibada ya mchana ikiwa imeanza na yeye ameketi kwenye benchi bila kusikia mhubiri anasema nini. Aibu ilimchoma. Alimkumbuka Angwenyi akimwambia njiani kwamba vijana wanaendelea vizuri, huku akiangalia viatu vyake. Aliwakumbuka wachumaji wakinyamaza kila alipokaribia. Alikasirika, na kwa muda alitaka kusimama katikati ya mahubiri aondoke zake.

Ila hakuondoka, kwa sababu shabiki wa miaka arobaini hutazama mchezo mpaka ajue goli lilitokea wapi. Akaanza kujiuliza alipaswa kumshtukia Beverlyne kwa lipi. Akaona. Beverlyne alipoleta habari ya kweli, kwamba ng'ombe wa jirani kazaa au mvua imevunja mgomba, aliisema kwa maneno matatu na kuendelea na kazi yake. Lakini matokeo ya mpira aliyaleta na mapambo: nani alipiga krosi, nani alipiga kichwa, dakika ya ngapi. Hakuna aliyemwuliza dakika.

Kulikuwa na habari nyingine iliyokuja nyumbani na mapambo kama hayo.

Binti yake wa mwisho, Lynette, aliishi Lodwar, ambako mumewe alikuwa mwalimu. Machi alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Mitchell. Nyanchera hakuruhusiwa kusafiri, na Lodwar ni mbali kama dunia nyingine. Alionyeshwa picha moja kwenye simu ya Beverlyne, uso tu ndani ya shali. Alisema mbona mdogo hivi, akaambiwa picha ndiyo inapunguza. Tangu hapo hakuona nyingine, simu ya Lynette ilikuwa imeharibika kamera. Lynette alipiga kila Jumatano jioni, akazungumza kidogo tu na kusema mtandao ni mbaya. Nyanchera aliamini ni uchovu wa kunyonyesha. Mambo ya mtoto alikuwa akiyapata kwa Beverlyne: kwamba sasa anacheka, kwamba anashika kidole, kwamba Julai alifikisha kilo saba na gramu mia mbili.

Na gramu mia mbili, Nyanchera aliwaza. Hakuna aliyemwuliza gramu.

Alikuwa akimfumia sweta. Uzi wa kijani na mweupe, rangi za Majani, alitumiwa kutoka soko la Daraja Mbili, na kwa zile kilo saba alikuwa ameongeza upana mara mbili. Mtoto alikuwa anakuja Agosti hii. Halafu wiki iliyopita Beverlyne akasema safari imesogezwa mpaka Desemba, joto limemsumbua mtoto kidogo, si sana.

Ibada ilipokwisha, Nyanchera alimkuta Beverlyne nyuma ya hema akiosha sufuria. Mogire alikuwa hapo akimmiminia maji. Alisimama mbele yao na kuwauliza kwanza habari ya Birongo, kwa sauti ya chini. Mogire aliuweka mtungi chini. Akaanza kuzungumza juu ya daktari, na presha, na jinsi walivyoogopa siku ile pale kwenye kona. Akaomba msamaha. Alionekana kama aliyetua mzigo, na hata akatabasamu kidogo, kwamba mwisho wa yote ni mpira tu.

Nyanchera alikuwa akimtazama Beverlyne.

"Na Mitchell?" aliuliza.

Beverlyne alishika kingo za sufuria. Mdomo wake ulifunguka, na safari hii hapakuwa na dakika wala gramu. Machozi yalianza kumtoka kabla ya neno lolote, akapiga magoti kwenye matope ya maji machafu, akasema mtoto alikaa duniani siku tisa.

Siku tisa. Nyanchera alirudia maneno hayo bila sauti. Alihesabu tangu Machi. Jumatano ngapi zilikuwa zimepita? Jumatano ngapi alimwambia Lynette aoge maji ya moto, ale uji wa wimbi maziwa yatoke vizuri, amgeuze mtoto anapolala? Na Lynette akajibu ndiyo Mama, ndiyo Mama, kila wiki, miezi mitano. Mtu angempiga kofi angeumia kidogo kuliko hivyo.

Mogire alimshika mkono wa kulia. Angwenyi kocha, aliyekuwa anapita, akaona rangi ya uso wake, akakimbia kumshika wa kushoto. Mtu akaleta kiti, mwingine maji, mwingine akamvua kitambaa ampepee. Walimzunguka wote, wamekunja magoti kidogo, tayari kumdaka. Walikuwa wamejiandaa kwa siku hii misimu miwili.

Nyanchera hakuanguka. Hata yeye alishangaa. Alisubiri miguu imwachie, na miguu haikumwachia.

"Mmenishika watu watano," alisema. "Lynette ameshikwa na nani?"

Mogire aliachia mkono.

Baadaye alielezwa yote. Lynette mwenyewe alitaka kupiga simu siku ile ile ya msiba. Mogire ndiye aliyemsihi, akamwambia kwamba akimwambia Mama atawazika wawili. Mtoto alizikwa huko huko Lodwar, na Mogire peke yake ndiye aliyekwenda kutoka nyumbani, akimwambia mama yake anakwenda semina ya wakulima. Lynette alitii. Alikuwa amepoteza mtoto, akaogopa kumuua mama pia. Lakini hayo aliyasikia baadaye. Wakati ule alimnyooshea Beverlyne mkono, akaomba simu.

Watu walitazamana. Jua lilikuwa bado juu ya miti ya chai ng'ambo, saa tatu nzima kabla ya Sabato kutoka. Tangu simu zifike kijijini, Nyanchera alizima yake kila Ijumaa jua likizama na kuifungia kabatini, na hata siku mumewe alipokuwa taabani alisubiri giza ndipo akawapigia ndugu. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa karibu alifungua kinywa, kisha akakifunga na kuondoka taratibu, na hilo lihesabiwe kwake kuwa wema. Beverlyne alipangusa mikono, akatafuta jina, akampa.

Simu iliita mara mbili. Lynette alipokea kwa hofu, kwa kuwa namba ya Beverlyne siku na saa kama hiyo ingeweza kuleta jambo moja tu.

"Bevy, Mama amefanya nini?"

"Ni mimi," Nyanchera alisema.

Lynette alilelewa katika nyumba ile. Alijua ni siku gani, alijua mama yake hagusi simu siku hiyo, na kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa kilichotokea. Nyanchera alisikia pumzi yake ikikatika. Safari hii mtandao haukuwa mbaya hata kidogo.

"Niambie wewe," Nyanchera alisema. "Alikuwa na kilo ngapi?"

"Mbili kasoro robo, Mama."

"Na nywele?"

"Alikuwa nazo nyingi. Mpaka hapa shingoni." Kisha Lynette akalia, kilio kirefu ambacho Beverlyne na Mogire walikisikia wakiwa wamesimama mbali. Nyanchera aliketi chini kwenye majani, miguu ameinyoosha mbele, simu sikioni, na hakumwambia anyamaze. Aliuliza nani alimwogesha. Aliuliza macho yalikuwa ya nani. Aliuliza siku ya tano, na ya sita, na ya saba, na Lynette akamweleza kila siku kama ilivyokuwa. Alilia naye pia, kwa sauti, yule ambaye kanisani hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

Jua lilikuwa limeshuka sana Lynette alipopata tena sauti ya kuuliza kitu.

"Ile sweta, Mama. Uliifikisha wapi?"

Nyanchera akasema amebakiza mkono mmoja, na kwamba ni kubwa mno, hata hajui ya mtoto gani, atakapofika nyumbani ataifumua.

"Usiifumue," Lynette alisema. "Imalize. Kesho napanda gari, nakuja kuichukua."