VJ ameua bibi mwenye hajakufa

Leo VJ wa hapa Bwera ameua bibi ya watu, na watu wamecheka!

Ile riwaya mjukuu wangu alinisomea kabla ya kuenda kazi kule mji wa Hima, sasa iko filamu. Nimeenda kuiona kwa kibanda cha video.

Filamu inaisha, bibi ya kwenye kitabu sijamuona! Nikauliza VJ, yule anatafsiri filamu na maikrofoni:

“Wee mutoto, bibi mumemuweka wapi?”

“Koko,” ndiyo wanaita bibi kama mimi, “huyo alikufa zamani!”

Muongo! Kwa kitabu bibi iko muzima mpaka mwisho, anapikia wajukuu hata kama hawakuji.

Nimerudi nyumbani na hasira, hakuna wa kubishana naye.

Wenye mulisoma kitabu, musinitumie vidole gumba tu kwa simu. Semeni neno.