Chupa Iliyooshwa Mara Tatu

Dobi wa hoteli, ambaye wenzake walimwita Mama Povu, alikuwa amefua mashuka miaka kumi na tisa bila mtu kumrudishia hata foronya moja. Kisha mkojo ukaanza kumchoma kama pilipili. Kila mara aliacha mashine, akakimbilia chooni, akatoa matone mawili, akarudi amekunja uso.

Msimamizi wake, binti mdogo kuliko kifungua mimba wake, alivumilia siku tatu.

"Mama, uko kazini au matembezini?"

"Naumwa, mwanangu."

"Basi niletee cheti cha hospitali. Usipoleta, mashine yako naipa mwingine. Wanaoitaka wamejaa getini."

Hospitalini, kijana wa maabara alimpa kichupa chenye kifuniko chekundu. Akamwambia asubuhi anawe, mkojo wa mwanzo auache upite, akinge wa katikati, aulete upesi. Wangeuangalia kwa darubini, kisha wauoteshe siku mbili.

Kuotesha! Mkojo unaoteshwa kama mchicha? Aliona haya kuuliza.

Nyumbani alikigeuzageuza kile kichupa. Nani anajua kimeshikwa na mikono gani? Akakiosha kwa sabuni mara mbili. Mara ya tatu akatumia ile dawa kali ya kutolea madoa, akaacha tone ndani yake ili iendelee kufanya kazi.

Majibu yalipotoka alimpa wifi yake amsomee, maana yeye darasa aliliona dirishani tu.

"Hakuna vijidudu vilivyoota," wifi akasoma, kisha akacheka. "Huna kitu, wifi! Umemchoka kaka yangu tu, ndiyo maana unalala umekumbatia ukuta."

Mumewe alikuwa palepale, anakunywa chai.

Msimamizi naye aliisoma karatasi ya majibu, akaifungia kwenye droo. "Mzima wa afya tele."

Mama Povu akabaki haelewi. Kama ni mzima, nani anayemuunguza? Akarudi maabara.

"Hata mimi imenishangaza," kijana alisema. "Kwenye darubini niliona usaha mwingi, lakini hakikuota kitu. Kile kichupa ulikifanyaje?"

"Nilikiosha. Mara tatu. Na dawa."

Kijana akaweka kalamu chini. "Mama yangu, kichupa kile kilikuwa kisafi kuliko sisi wote humu ndani. Dawa yako imeviua vijidudu kabla sijaviona."

"Si ndiyo vizuri, vikifa?"

"Vimekufa vya kwenye chupa. Vya kwenye kibofu vipo, vinakula raha."

Akampa kichupa kingine na kumwapisha asikiguse hata kwa maji. Safari hii viliota tele. Daktari akamwandikia vidonge, naye akaenda hotelini na karatasi ya pili ameishika kwa mikono miwili.

Kwenye mashine yake alisimama mwanamke mwingine, anakunja mashuka vibaya.

Msimamizi aliziweka karatasi sambamba. "Jina lako, muhuri uleule, wiki ileile. Hii mzima, hii mgonjwa. Niamini ipi?"

"Ya pili. Ile ya kwanza niliosha chupa kwa dawa."

"Kumbe umeufua ugonjwa!" Chumba kizima kikaangua kicheko, hata wale aliowafundisha kupiga pasi. Msimamizi akamrudishia karatasi zote. "Kapime tena, mama. Mbili zikifanana, ndizo nitakazozifuata. Huyu atakushikia mashine mpaka Ijumaa."

Nje, kwenye bomba la getini, alitoa kidonge akakitazama. Akikimeza, chupa ya tatu itatoka safi na ataitwa mwongo. Asipokimeza, ataungua mpaka Ijumaa, ndipo aonekane mkweli. Hakuelewa ni dunia gani hii, inayomtaka mtu alinde ugonjwa wake kama mtoto mchanga.

"Unangoja nini, Mama Povu?" mlinzi akamuuliza.

"Hata sijui, baba."

Mkojo ukamkata tena, akashika ukuta. Akakimeza, akanywa maji kwa kiganja, akabaki amesimama pale, hajui kama amejiponya au amejifukuza kazi.