Sahani Iliyorudi Tupu

Mtaani kwa Bi Ghanima, mjini Ibra, sahani hairudi tupu. Ukiletewa sambusa, sahani utairudisha na tende. Ukiletewa tende, utairudisha na kipande cha mkate wa mayai. Na kama nyumba haina kitu siku hiyo, tia hata ndimu mbili za uani, lakini usiirudishe ikilia kama ngoma. Sahani tupu ni maneno. Badria, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliwahi kurudisha bakuli tupu kwa kupitiwa tu, na ikabidi watu wazima waje kuwapatanisha.

Bi Ghanima alizaliwa Unguja, akaletwa Oman kabla hajang'oka meno ya utoto. Kila Jumatano huuza bizari, udi na hiliki katika soko la wanawake, na sokoni hapo hapana mwanamke asiyemjua kwa jina, kwa ukoo na kwa maradhi. Ni mjane. Mtoto wake ni mmoja, Reem, aliyekuwa mwaka wa tatu akisomea udaktari katika mji wa Wrocław, Poland.

Basi baridi ya mwaka ule Reem alipata homa. Alilala peke yake chumbani akinywa maji ya bomba, na mama yake hakuambiwa mpaka homa ilipokwisha.

"Na nani alikugongea mlango?" Bi Ghanima aliuliza kwenye simu.

"Hakuna, Mama. Huku watu hawagongeani. Yaani kila mtu na mambo yake."

Bi Ghanima akahesabu miezi kwa vidole.

"Nakuja joto likianza," alisema mwisho. "Nikikuta mji una watu, utabaki usome. Nikikuta una majumba tu, tunarudi sote."

Reem alimjua mama yake. Neno hilo lilikuwa na maana kwamba miaka yake mitatu ya kusoma imewekwa mizanini pamoja na hiliki.

Aliyempeleka Bi Ghanima uwanja wa ndege ni kaka yake Hamdun, mwenye gereji Firq, karibu na Nizwa, aliyekuja na halua ya Nizwa kwa ajili ya mpwa wake. Walisimama njiani, Bidbid, kunywa chai, na hapo Hamdun akajaribu kuliweka sawa sanduku lililokuwa limelala upande.

"Dada, umemtia nani humu?"

"Unga, hiliki, bizari, halua yako, na sahani zangu."

"Poland hakuna sahani?"

"Zipo. Lakini hazinijui."

Reem alikuwa amejipanga. Aliamua kumwonyesha mama yake mji mzuri hata asahau alichokuja kukitafuta. Akampeleka uwanja wa zamani wenye majumba ya rangi za halwaridi na manjano. Akamwonyesha vijitu vya shaba, virefu kiasi cha birika, vilivyosimama pembeni mwa njia: kimoja kinasukuma jiwe, kingine kimelala usingizi. Bi Ghanima alivitolea salamu kimoja kimoja.

"Mama, ni sanamu tu. Watalii wanazitafuta."

"Siwajui ni nani hawa. Na salamu haigharimu."

Walikwenda mtoni, kwenye visiwa, ambako watu wa mji walikuwa wamelala majanini wakiota jua, wengi wao na nguo chache. Bi Ghanima akajifunika uso kwa ncha ya shela, nusu kwa haya, nusu kwa huruma. "Maskini," alisema. "Sisi jua tunalikimbia, wao wanalitandikia mkeka." Walisimama kwenye foleni ndefu ya aiskrimu ambamo hakuna aliyesema na mwenzake, na Bi Ghanima, ambaye katika foleni kama hiyo Ibra angekwisha kuposa na kuoza, alikaza macho kwenye visogo vya watu na kuhuzunika. Jua lenyewe halikuwa na haya. Saa tatu usiku lilikuwa bado linawaka, na magharibi aliisali saa ambayo mtaani kwao watu wamekwisha kulala.

Kitu kimoja tu kilimgusa. Kwenye kisiwa cha makanisa alimwona mtu wa joho jeusi akipita na fimbo ndefu, akiwasha taa za gesi moja moja.

"Huyu hupita kila siku?"

"Kila siku, Mama."

"Basi huyu anaweza kukugongea mlango."

"Hakai kwetu."

"Ah," alisema Bi Ghanima, na taa zikawa taa tu.

Pale walipokaa, milango ya ngazini ilikuwa mingi na yote imefungwa. Bi Ghanima alikuwa akitoka asubuhi na kusimama ngazini kama mtu anayengoja kitu. Majirani walimwitikia kwa adabu, macho yao kwenye funguo zao.

Juma la pili mvua ikanyesha.

Mtu wa Ibra mvua ikinyesha hakai ndani. Hupakia watoto na birika akaenda wadini, kwenye bonde lililokauka mwaka mzima, kutazama maji yakishuka. Reem alikuwa hospitali kwa mafunzo. Bi Ghanima akachukua mkeka, chupa ya kahawa, vifinjani na tende, akateremka uani, akatandika katikati karibu na baiskeli, akakaa. Mvua ikampiga usoni. Akafumba macho akamshukuru Mungu.

Ghorofa ya juu ya Reem alikuwa akiishi mwanamke mrefu aitwaye Danuta, aliyeendesha tramu maisha yake yote na sasa amestaafu. Alichungulia dirishani akamwona mama mtu mzima, nguo nyeusi, ameketi mvuani na vitu vyake vimemzunguka, machozi yanamtoka. Kwa Bi Danuta mambo yalikuwa wazi: mama amefungiwa nje. Akateremka na mwavuli. Akapanda tena, akateremka na blanketi. Kisha akampigia simu fundi wa vitasa, naye akafika mbio na kisanduku chake.

Bi Ghanima aliona jambo moja tu: wageni wamekuja.

Akawamiminia kahawa. Sasa, kwa Waomani finjani hujazwa kila ikimalizika, mpaka mnywaji aitikise kidogo kwa kidole, maana yake nimetosheka. Wale wawili hawakujua. Kwa adabu zao walimaliza kila kilichotiwa, na kwa adabu yake Bi Ghanima alitia kila kilichomalizika. Reem aliporudi alimkuta fundi anatokwa jasho chini ya mwavuli, Bi Danuta ameweka mkono kifuani akisikiliza moyo wake, na mama yake uso umemeremeta.

"Reem, watu hawa wanapenda kahawa, sijapata kuona."

"Mama, hawajui kutikisa."

Reem akawaonyesha. Fundi aliitikisa finjani yake kwa mikono yote miwili.

"Na huyu mwenye kisanduku katokea wapi?"

"Kaitwa na Bi Danuta. Alidhani umefungiwa nje."

Bi Ghanima akamtazama yule mwanamke mrefu aliyelowa mabega. "Alidhani nimefungiwa nje, akateremka," alisema polepole, kama mtu anayeonja bizari mpya.

Kesho yake akakaanga sambusa, akampelekea Bi Danuta sahani kwa mkono wa Reem. Alasiri sahani ikarudi.

"Ina nini?"

"Amesema asante sana, Mama. Amezipenda."

"Nakuuliza ina nini."

Ilikuwa imeoshwa, imefutwa, inang'aa. Bi Ghanima aliiweka mezani, akaitazama kwa muda, kisha akaanza kukunja nguo. Zake kwanza. Halafu za Reem.

"Mama, huku sahani ikioshwa vizuri ndiyo heshima."

"Nimeiona heshima yake. Nipe hilo koti."

Reem akaichukua sahani akatoka, akaenda mbio mpaka duka la mikate. Majira hayo huuzwa huko mikate midogo ya duara iliyojazwa vitunda vyeusi vya msituni. Akaijaza sahani, akarudi na uso wa mtu asiyekimbia.

"Alikuwa amesahau kutia," alisema.

Bi Ghanima akachukua mkate mmoja, akatafuna kwa utulivu, akaugeuza, akatafuna tena. "Mkono wake mzuri," alisema. Akaweka koti chini, akaijaza sahani visheti, na safari hii akapanda ngazi mwenyewe kwenda kushukuru. Reem akamfuata roho mkononi.

Mlangoni Bi Ghanima alishukuru kwa Kiswahili kirefu kilichonyooka. Alijipapasa tumbo. Alibusu ncha za vidole. Bi Danuta, ambaye hakuwa ameoka chochote, akamgeukia Reem. Reem akamweleza kwa Kipolandi, masikio yake mekundu: mikate, sahani tupu, sanduku lililoanza kufungwa.

Bi Danuta akajishika mashavu. Aliingia ndani akatoka na karatasi, akachora nguruwe, mnene, mkia umejikunja, akamkata kwa mistari miwili. Kisha akanyanyua nyusi.

Bi Ghanima akatikisa kichwa kukubali. "Huyu ana akili," alimwambia Reem.

Tangu hapo sahani haikupumzika. Ikishuka na maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha, yaliyojazwa viazi na jibini, ikipanda na katlesi. Ikishuka na matango ya siki, ikipanda na kaimati. Bi Danuta alimfundisha Bi Ghanima kubana kingo za maandazi yale, naye Bi Ghanima akasema ni sambusa iliyonenepa. Waligombana juu ya chumvi, kila mmoja kwa lugha yake, na kila mmoja akaona ameshinda. Harufu ikapanda na kushuka ngazi hata milango mingine ikaanza kufunguka kidogo.

Asubuhi ambayo Bi Ghanima angeondoka peke yake, Bi Danuta alileta sufuria nzito ya enameli ya buluu, imejaa maandazi ya cheri. Walipokwisha kula, Reem akaiosha aipandishe.

"Iache," alisema Bi Ghanima.

"Lakini ni yake, Mama."

"Ndiyo maana. Ikirudi leo habari imekwisha. Ikae hapa."

Reem akaweka sufuria kabatini. Kisha akasema, bila kugeuka, "Mama, ile mikate ya kwanza niliinunua mimi."

"Najua. Karatasi ya bei ilikuwa imeganda chini ya mkate. Nusu yake nimeimeza."

Baridi ikaingia. Jumatano moja Bi Ghanima alikuwa sokoni, Badria ameketi pembeni yake, simu ikalia. Sauti ya Reem ilikuwa imekauka. Alikuwa na homa tena.

"Nani amekugongea mlango?"

"Bi Danuta. Alikuja kutaka sufuria yake."

Bi Ghanima akafumba macho. Halafu akayafumbua. "Umempa?"

"Nimempa."

"Ina nini?"

Reem akakohoa.

"Reem. Ilikuwa na nini?"

"Nilikuwa naumwa, Mama. Lakini jioni ameirudisha imejaa supu ya kuku, na kesho anakuja tena."

Bi Ghanima akaiziba simu kwa kiganja, akamgeukia jirani yake.

"Mwanangu ana homa," alisema, "na amemrudishia mtu sufuria tupu."

Badria, ambaye jambo hilo alikuwa akilijua kuliko yeyote sokoni, akainamisha kichwa.

"Atapona?" aliuliza.

"Homa itapona," alisema Bi Ghanima, na mkono wake mwingine ulikuwa umekwisha kuanza kupima hiliki ya kupeleka.