Nilivyomwongezea Mjukuu Wangu Nusu Kilo

Naapa mbele yenu nyote mnaosoma hapa: hii haina chumvi hata punje. Mnaonifahamu kutoka kijijini kwetu Kwai, guneni kimoyomoyo.

Mtoto wa miezi minne nusura akose upasuaji kwa sababu ya kistari kimoja cha kalamu.

Kalamu ilikuwa yangu.

Binti yangu Wema alijifungua Elinuru, mtoto bonge. Kichwa kilitoka, bega likakwama. Manesi walipambana mpaka akatoka mzima, ila mkono wa kulia ukawa unaning'inia tu. Mishipa ya fahamu ya begani ilikuwa imevutika.

Tukaambiwa tusubiri, wengine hupona wenyewe. Miezi mitatu, wapi. Hakunji kiwiko.

Tukapewa rufaa. Daktari bingwa anafika hospitali kubwa ya bondeni mara mbili tu kwa mwaka. Ukimkosa, nusu mwaka mwingine, na misuli isiyofikiwa na mishipa ya fahamu hunyauka.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Jumapili moja, kwenye mnada wa mavuno baada ya ibada, rafiki yangu Anselm akanitambia. "Mjukuu wangu alizaliwa kilo nne na nusu. Wako je, Rubeni?"

Mimi, mstaafu wa misitu, nishindwe na Anselm?

Nilikuwa nimembebea Wema mkoba. Ndani yake kadi ya kliniki ilisema 4.4. Nikageuka kando na kalamu yangu, ile nne ya mwisho nikaifunga juu, ikawa tisa.

"Soma mwenyewe."

Anselm akanywea. Wiki nzima nikatembea kifua mbele.

Siku ya hospitali, Daktari Salma, yule bingwa, aliitazama kadi, akakunja uso.

"Mama, alizaliwa nne nukta tisa. Mwezi mmoja baadaye ana nne nukta nane. Alikonda?"

"Hapana, Daktari. Ananyonya vizuri."

"Uzito wa kuzaliwa unanisaidia kukadiria bega lilivyovutwa. Na mtoto aliyekonda bila sababu simpi dawa ya usingizi kabla sijajua ana nini. Afanyiwe vipimo. Mimi naondoka kesho kutwa, tutaonana safari ijayo."

Wema hakulia. Aliushika ule mkono mlegevu, akaubusu.

Nikasimama.

"Daktari, hiyo tisa ni nne. Niliichora mimi."



"Kwa nini, mzee?"

"Nilikuwa natambiana na mtu."

Wema akanigeukia polepole. "Daktari, usimsikilize. Baba anapenda kutunga, Kwai nzima inajua. Anasema hivyo ili mtoto apasuliwe."

Jamani. Siku hiyo moja niliyosema kweli.

"Sipasui mtoto kwa maneno ya babu," Daktari akasema. "Nani ana rejista?"

Nikampigia sista Yunis wa zahanati aliyemzalisha Wema. Simu ikaita mpaka ikakata. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mlangoni walishaanza kumwita mtoto mwingine.

Mara ya tano akapokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sista, fungua rejista ya uzazi, umsomee daktari uzito wa Elinuru. Usinitetee."

Nikampa Daktari simu. Sikusikia alichosema sista. Nilimwona tu Daktari akikata 4.9, akiandika 4.4, akitia sahihi.

"Kesho asubuhi. Awe wa kwanza."

Walichukua mshipa wa fahamu mguuni, wakaunganishia begani. Miezi minane baadaye Elinuru akakunja kiwiko, akanivuta ndevu. Kuinua mkono juu ya kichwa bado, na Daktari hakutuahidi.

Wema akanitoza faini: nikasimame mnadani, niseme yote mbele ya usharika.

Nikasema. Anselm alicheka mpaka akashika mbavu.

Mkewe Esteria akamtazama. "Na wa kwetu aliyezaliwa kilo tatu nukta sita, umeshawaambia?"

Kumbe niliharibu kadi kushindana na uongo. Na kwa nne nukta nne nilikuwa nimeshashinda.

Funzo langu ni hili: tambieni ujana wenu mnavyotaka, ila kadi ya mtoto msiiguse. Yeye hawezi kujieleza, inamsemea kadi.

Na adhabu haijaisha. Mazoezi ya mkono ni mara tano kwa siku, na zamu zote tano ni zangu. Niacheni, Wema ananiita.