Kipande cha Mpishi

Katika mji huu ipo milango niliyoipita miaka mingi bila kuifungua, na mmojawapo ni ule wa kijani kule Garhoud. Ni mlango wa mbao nzito, wenye kitasa cha shaba kilichosuguliwa na mikono ya watu mpaka kikawa laini. Nilipofika Dubai mara ya kwanza nilipanga chumba cha uani kwa mama mmoja wa Unguja, na kila asubuhi nilikwenda kwa miguu hadi kituo cha basi, niende kazini Al Rigga, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Njia yangu ilipita hapo. Mlango ukifunguliwa, ilitoka hewa ya baridi yenye harufu ya vitunguu vinavyokaangwa na kitu kingine kichachu nisichokijua. Halafu ulijifunga wenyewe, polepole, kama unanikatalia.

Nilijua ni baa ya Kiingereza, na nilijua ni ya zamani. Mwenye nyumba wangu alinambia ilikuwapo tangu yeye alipokuja kuolewa, wakati Garhoud ikiwa mchanga mtupu na nyumba za kuhesabika. "Mume wangu akisema wazungu wanakula humo kuliko wanavyokunywa," alinambia. "Mie sikuamini. Lakini sikuwahi kwenda kutazama, nitasemaje?"

Mimi ni mtu wa kuhama. Nimetoka Tanga, nikaishi Maskati, nikaja hapa, na hapa penyewe nimehama mitaa hadi nimefika Jumeirah Village Circle (JVC), ghorofani, na wanawake wenzangu wawili. Kila nikihama nakumbuka nilikotoka, hata kama sikupapenda. Na katika Garhoud, kitu nilichokikumbuka zaidi kilikuwa mlango ambao sijawahi kuuingia.

Basi shemeji yangu akapata kazi humo humo. Ni mume wa mdogo wangu, mtu wa Pangani, mpishi tangu ujana wake. Walimweka kwenye karai la mafuta. Kazi yake ilikuwa kuchovya samaki kwenye uji wa unga na kuwakaanga, pamoja na chipsi, mchana na usiku, miaka nenda rudi. Akija kututembelea, shati lake safi lilikuwa bado linanuka mafuta. Hakulalamika kuhusu kazi. Alilalamikia jambo moja tu: kwamba katika jiko lile hakuna mtu aliyewahi kula chakula alichokipika yeye. "Nakaanga, shemeji," alikuwa akinambia. "Kukaanga si kupika."

Alimwomba meneja, ambaye jikoni wote humwita Sir, ampe chungu kimoja. Sir akasema ngoja. Akaomba tena, akaambiwa inshallah, na neno hilo Mwingereza akilisema ujue hataki. Halafu siku moja, sijui kwa nini, Sir alikubali. Jumamosi moja, mlo wa mchana, samaki wa kupaka aandikwe kwa chaki kwenye ubao ulio karibu na kaunta. Kikipendwa, chakula kile kingeingia kwenye menyu, na shemeji angetoka kwenye karai na kupewa jiko lake. Kisipopendwa, khalas, habari hiyo isirudiwe tena.

"Njoo na watu," shemeji aliniambia kwenye simu. "Njoo na watu wanaojua kula."

"Wangapi?"

"Hata wawili. Nataka tu iwepo meza moja nje inayojua ninachofanya."

Kuna jambo hakuniambia, kwa sababu hakuona kama lina haja. Sir haamini midomo ya wateja wake. Wengi wamekuja hapo miaka mingi, wanampenda, na hata akiwapa kadibodi watasema ni tamu. Kwa hiyo akijaribu chakula kipya husimama kwenye dirisha linalopokea vyombo vichafu, akatazama sahani zinavyorudi. Sahani iliyorudi tupu ni ndiyo. Sahani iliyorudi na chakula ni hapana. Hilo nililijua baadaye, wakati kulijua hakukusaidia tena.

Mtu wa kwanza niliyemfikiria ni mama mwenye nyumba wangu wa zamani. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliniuliza kama kuna pa kukaa nje. Nikamwambia ipo bustani, familia za wazungu hukaa na watoto wao. "Basi ntakuja," alisema. "Lakini pombe isiwekwe mezani kwangu, na nyama yao ile isipite karibu." Wa pili alikuwa jirani yetu wa JVC, dereva wa magari ya kukodi, Mkenya wa Nairobi, ambaye alikubali kabla sijamaliza kusema neno samaki.

Niliufungua ule mlango mwenyewe. Ndani kulikuwa na giza la mchana, zulia jekundu linalomeza nyayo, na maboriti meusi juu ya dari. Ukuta mzima ulikuwa picha: ndege za zamani, timu za mpira zenye wanaume waliokunja mikono, na picha moja ya jengo lenyewe likiwa peke yake katikati ya mchanga, na gari moja mbele. Juu ya kaunta zilining'inia bilauri za chuma, kila moja na namba yake. Mhudumu alituambia ni za wateja wa siku nyingi. Mtu akifa, yake haipewi mwingine, inabaki pale pale. Mama yule alisimama chini yake akitazama juu, buibui lake kalivuta kwa mkono mmoja.

"Kumbe wanawekeana kumbukumbu," alisema. "Mie nkidhani ni watu wa fujo."

Bustanini tulipewa meza chini ya mwavuli mkubwa, na mashine ya kupuliza ukungu wa maji karibu. Mama alivaa miwani na kusoma menyu kwa makini kama anasoma mkataba.

"Hii herufi hapa pembeni?"

"Hiyo ina maana kuna pombe ndani ya chakula," nilimwambia. "Na hii nyingine ni nguruwe. Shemeji anasema nguruwe ana jiko lake kabisa, na visu vyake, na mtu wake."

"Wamefanya vyema. Wana adabu." Akageuza ukurasa. "Na sisi tutakula nini, mbona huyo samaki hapa hayumo?"

"Yuko kwenye ubao, mathe," yule dereva alisema. "Yeye ni special. Ako na ubao yake mwenyewe."

"Mathe ndiyo nini?"

"Ni mama tu. Kwa heshima."

"Heshima gani imekatwa mkia hivyo?"

Samaki alikuja. Alikuwa chewa, ambaye hapa huitwa hamuri, vipande vitatu kila sahani, vimechomwa vikashika weusi pembeni, na juu yake tui zito lililochanganywa na ukwaju na pilipili hadi likawa rangi ya dhahabu. Wali ulikuwa umekaa upande mmoja. Upande wa pili kulikuwa na rundo la chipsi, kwa amri ya Sir, maana chakula hakitoki katika jiko lile bila chipsi. Mama aliusukuma wali uende mbele na chipsi zirudi nyuma, akanawa kwa maji ya chupa juu ya nyasi, akasema bismillahi, akala kwa mkono. Nasi tukafuata.

Nilikuwa nimejiandaa kusema uongo kama ingehitajika. Haikuhitajika. Ni ukwaju ulionirudisha nyumbani, nadhani, kwa sababu aliuacha uchachuke sawasawa bila kuuogopa. Kwenye meza ya jirani, mzee mmoja mwenye kofia ya majani alikula chakula chake kwa uma, kisha akaita mhudumu na kuuliza kile cha manjano kinaitwaje. Nilitamani shemeji angekuwepo asikie. Mama hakuinua kichwa mpaka kipande cha pili kilipokwisha. Ndipo akakiweka cha tatu, kile kinono cha katikati, pembeni ya sahani, akakichotea tui kidogo juu, akajifuta mkono.

"Alhamdulillah."

Mimi nami nilikuwa nimeacha changu. Sikufikiri. Kwetu chakula kikitoka nje kwenda kwa wageni, wageni wanajua kwamba aliyepika yuko ndani na bado hajala, na kitakachorudi ndicho chake. Ukimaliza sahani umemlaza mtu na njaa. Tena huachi mifupa, unaacha pazuri.

Dereva peke yake alikuwa anaendelea.

"We kijana," Mama alisema. "Na mpishi?"

"Mpishi ako sawa. Ako na sufuria nzima huko ndani."

"Umeiona?"

"Mathe, hii ni hoteli. Hapa unalipia chakula yote."

"Kwa hiyo ukilipa ndiyo husahau kama kuna mtu kasimama motoni kwa ajili yako? Mamako hakukufunza?"

"Mamangu alinifunza nisiache chakula."

"Kakufunza nusu. Weka hicho."

Dereva akakiangalia kile kipande kwa huzuni ya kweli, akakiweka. Mama akakipangia tui juu kama vyetu. Mhudumu alipokuja kuchukua, sahani tatu ziliondoka mezani zikiwa zimefanana, na Mama alimwambia kwa Kiarabu chake cha mjini kwamba hivyo ni vya mpishi. Mhudumu alikuwa Mfilipino. Alitabasamu, akasema thank you, ma'am.

Nikaenda ndani kunawa vizuri. Njia ya kwenda chooni inapita kando ya jiko, na hapo ndipo nilipomwona Sir mara ya kwanza, mtu mrefu mwenye nywele nyeupe, amesimama mbele ya dirisha la vyombo. Shemeji alikuwa ng'ambo ya dirisha na kofia yake mkononi. Sahani nyingi zilizotangulia zilikuwa zimerudi safi, nyingine na chipsi tu. Sahani zetu tatu zilikuwa mbele yao, zimepangwa mstari mmoja.

"Hii ni meza ya watu wako?" Sir aliuliza.

"Ndiyo, Sir."

"Watu wako mwenyewe hawakumaliza."

Shemeji alizitazama zile sahani. Nilimwona akielewa papo hapo, kabla ya mtu yeyote. Nami nikajua kwa uso wake kwamba jambo hili analijua tangu utoto, na Kiingereza chake cha jikoni hakina maneno ya kulieleza, au ana aibu kuomba kwamba chakula kilichorudi kihesabiwe ni sifa.

Basi nikaingilia, kwa Kiingereza changu cha kufulia. Nikasema samahani Sir, samaki ni mzuri sana, hicho tumemwachia mpishi. Kwetu ndivyo ilivyo.

Aliinamisha kichwa upande mmoja. "Mmemwachia nani?"

"Yeye. Ale."

Aliangalia kile kipande kinono na tui lililopangwa juu yake. Akamwangalia shemeji, kisha mimi. "Lakini haruhusiwi," alisema, bila ukali, kama mtu anayeomba radhi kwa kitu ambacho hakukitunga. "Chakula kikishatoka mezani kinatupwa. Chote. Wafanyakazi wana chakula chao saa tisa."

Mwosha vyombo, kijana wa Nepali, alikuwa anangoja na sahani ya kwanza mkononi. Sir alimpa ishara kwa kidevu. Vile vipande vitatu viliteleza kwenye pipa, kimoja baada ya kingine, na shemeji akavitazama mpaka cha mwisho. Sikujua niangalie wapi.

Sir aligonga ukingo wa dirisha kwa vidole. Kisha akasema kwamba kama watu watatu wanaokijua chakula hiki wameacha theluthi, basi theluthi hiyo imezidi. Viwe vipande viwili. Chakula kitaingia kwenye menyu kuanzia usiku huo huo, na shemeji ahamie jiko la kona wiki ijayo. Akamgusa bega, akaenda kwenye kaunta kumpokea mteja.

Mpaka leo sijui kama alituelewa. Huenda alielewa yote akatafuta njia ya kusema ndiyo bila kuvunja utaratibu wake wa sahani. Huenda aliamini kweli kwamba chakula kilikuwa kingi. Nimemuuliza shemeji mara kadhaa naye hucheka tu, anasema mimi napenda kufungua hata visivyo na mlango.

Alipewa ruhusa atoke aje bustanini dakika chache. Alikuja amevaa kofia yake sawasawa. Dereva alisimama akampa mkono, akamwambia, "Buda, umetuua kwa utamu." Mama hakusimama. Alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, kama anayekagua mkwe.

"Umekula, mwanangu?"

Nilimtazama shemeji. Hakunitazama.

"Nimekula, Mama. Nimeshiba."

"Nlikuachia cha katikati."

"Nimekiona. Ahsante."

"Umekionaje?"

Alifikiri. Tangu alfajiri alikuwa amekionja chakula kile kwa ncha ya kijiko, na hakuwa ametia hata tonge moja mdomoni. "Naona kimekolea," alisema.

"Chumvi imepungua kidogo," Mama alisema. "Kidogo tu. Mara nyingine utie."

"Ntatia, Mama."

Mhudumu alimwita kwa mkono kutoka mlangoni. Chewa wa jioni walikuwa tayari mezani jikoni, na walitaka wote wakatwe upya kwa kipimo kipya cha vipande viwili kabla oda hazijaanza kuingia. Shemeji akatuaga, akarudi ndani, na tulimwona akifunga aproni njiani.